Kifuko cha Kisu

Rafiki yangu Jocelyne, fundi cherehani wa mtaa wa Fordsburg, si mtu wa kuzua mambo. Mussa, mpiga mbizi kutoka Tanga, alimletea suti yake ya mpira amshonee kifuko cha kisu pajani.

"Dada, kisije kikafunguka huko chini. Nikinaswa na kamba, kisu ndicho uhai wangu."

"Eish, kitashika tu, kaka."

Velkro mpya, ule utepe wa kunatana, ilikuwa imemwishia Jocelyne. Akabandua iliyochakaa kwenye begi la shule, akaishona kwenye kifuko kwa uzi mwekundu. Mussa alikijaribu palepale, kraa, kraa, akaridhika. Jocelyne alijua ikilowa haitashika, akanyamaza.

Mussa alifia kwenye bwawa la machimbo, kamba imemzonga, kifuko kiko wazi, kitupu. Suti ikabaki polisi. Msibani Jocelyne alipika, akalia, ya velkro hakumwambia mtu.

Juzi mchana umeme ulikatika. Duka lake halina dirisha, giza likawa totoro. Kwenye cherehani akasikia kraa. Kimya. Kraa. Kama mteja anayejaribu kazi yake.

Umeme uliporudi, kifuko chenye uzi mwekundu kilikuwa kinachuruzika maji, kimebanwa chini ya sindano, kama kazi iliyorudishwa irekebishwe.