Moshi wa Jumapili

Risasi ya kwanza ilipasua ukingo wa kofia yake.

Ya pili ilimpata farasi.

Kezia Lunt alianguka kando ya barabara, akabingirika, akainuka akiwa tayari anakimbia. Nyuma yake maofisa wawili wa Mfalme wa Uingereza walikuwa wakishindilia bastola upya.

"Simama, mwanamke!"

Hakusimama. Aliruka ukuta wa mawe na kujitupa kwenye mbuga ya nyasi za chumvi, pale ambapo nchi ya Massachusetts inashindwa kuamua kama ni bara au ni bahari. Farasi wa maofisa walifika kwenye tope, wakazama hadi magotini, wakagoma.

"Mwache afie humo," alisema mmoja.

Kezia hakuwa na mpango wa kufa. Alivuka mkondo wa kwanza maji yakiwa kiunoni. Wa pili ulimmeza mzima, kofia na bastola yake fupi na vyote. Alipoibuka, alijificha chini ya rundo la nyasi. Huku marundo hupangwa juu ya nguzo fupi, ili bahari ikipanda maji yapite chini.

Alitazama mkondo. Maji yalikuwa yamegeuka. Yanaingia.

Bamvua. Kabla watu hawajatoka kwenye ibada, mbuga yote hii itakuwa bahari.

Akaliweka hilo kichwani, akaendelea kukimbia.

Habari ilimfikia jana alasiri huko Boston, kwenye gati lililofungwa na manowari za Mfalme. Mwanamke muuza samaki. Kapu tupu. Maneno machache.

"Una samaki, mama?"

"Wameoza."

"Wote?"

"Kumi na mmoja. Kesho, saa ya ibada."

"Nani kawaozesha?"

"Mtu wa nyumbani kwenu, Shomoro."

Shomoro ni yeye, kwa wale wa Kamati ya siri ya wapinga Mfalme waliomtuma. Samaki kumi na mmoja ni mapipa kumi na moja ya baruti, yaliyofichwa chini ya marobota ya kitani kwenye ghala la Obed, mdogo wake, kijijini Harrowby. Makoti mekundu, askari wa Mfalme, wakiyakuta, Obed atatiwa minyororo, atapakiwa melini, atapelekwa London kunyongwa mbele ya watu wasiomjua.

Waliojua yalipo ni watatu tu. Kezia. Obed. Na Shemasi Elkana Wardwell, mzee aliyewaokota wakiwa yatima na kuwalea.

Kwa hiyo ni Obed, aliwaza Kezia akikimbia. Mdomo wake! Akishaonja pombe ya tufaha, mlango wa siri hauna komeo.

Wenye kumbukumbu fupi watakuambia ugomvi huu ulianzia kwenye chai iliyomwagwa bandarini Boston. Waongo. Mume wa Kezia alikwenda Kanada kumpigania Mfalme huyuhuyu dhidi ya Wafaransa. Hakikurudi hata kifungo cha koti lake. Na shukrani ya Mfalme ilikuwa nini? Ushuru wa muhuri. Kila karatasi ilipiwe, hadi karatasi ya mirathi ya mjane. Watu wakaandika barua kwa adabu. Wakajibiwa kwa askari. Wakaandika tena. Bandari ikafungwa, watoto wa Boston wakalala na njaa. Mtu anayekuita mwanangu huku mkono wake uko mfukoni mwako, huyo utamwita nani?

Shemasi Wardwell ndiye aliyelisema hilo wa kwanza pale Harrowby. Alipanda juu ya pipa, akapaza sauti: "Tuliwapa wana wetu. Sasa wanataka na mkate wetu!"

Kezia alilia siku ile. Ilikuwa kama kusikia sauti ya mumewe.

Nyumba ya Shemasi ilikuwa ya kwanza ukitokea mbugani. Alihitaji maksai wake na mkokoteni wake. Kijiji kizima kilikuwa kwenye ibada, barabara tupu, hata mbwa hawabweki. Alisukuma mlango wa jikoni.

Shemasi alikuwa pale. Peke yake, mezani.

"Kezi! Binti yangu! Umelowa namna gani?"

"Kwa nini hauko kwenye ibada, baba?"

"Mguu huu, mwanangu. Umenikatalia. Kaa, kaa. Kuna nini?"

"Baba, wanakuja leo. Mapipa bado yako..."

Alinusa.

Harufu.

Bata bukini. Mnono, ametungwa kwenye chuma juu ya moto mkubwa, mafuta yanadondoka na kulia kwenye makaa.

Siku ya Bwana.

Harrowby hakuna anayepika Jumapili. Sabato huanza Jumamosi jua likizama. Vyungu vya maharage huingia tanuruni mapema, moto hufunikwa majivu, na kesho yake watu hula kilichobaki na uvuguvugu. Kuna mwaka Kezia alimchemshia mwanawe mgonjwa kuku siku ya Sabato. Mtu mmoja aliona moshi. Alimsimamisha mbele ya waumini wote, akamsomea kosa lake kwa sauti kavu. Mtoto alizikwa wiki ileile. Kezia alisamehe. Alijiambia, sheria ni sheria, na mzee yule ana msimamo.

Mzee yule alikuwa Elkana Wardwell.

Hawezi kula bata huyu. Sasa ni wa nani?

Alitazama. Sahani mbili. Tope bichi la buti kwenye sakafu, likielekea chumba cha pili. Mlango haukufungwa vizuri. Nje, kwenye ghala la Shemasi, farasi alikohoa, na mtu akamnyamazisha kwa Kiingereza cha London.

Kumbe walishafika. Kumbe kapteni wao alitaka ale kwanza.

Kitu fulani kilivunjika ndani ya Kezia. Hakukipa nafasi ya kutoa sauti.

"Mapipa bado yako kijijini?" aliuliza Shemasi, taratibu mno.

"Hayako tena kwa Obed," alisema Kezia, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili. "Niliyahamisha. Yako mbugani, ndani ya lile rundo la nyasi la mwisho, karibu na mto. Jioni mashua inakuja kuyachukua."

Shemasi aligeuza macho dirishani, kuelekea mbugani. Yeye ni mtu wa Harrowby. Anajua bamvua. Akafungua mdomo.

Bastola fupi iliwekwa juu ya meza, mtutu ukimtazama tumboni. Kezia alikuwa ameifunika nusu kwa kitambaa cha mkate.

"Kaa, baba," alinong'ona. "Bata wako anaungua."

Chumba cha pili, kiti kilisogezwa. Hatua za haraka. Mlango wa mbele ukabamizwa. Kisha amri kali, buti nyingi, chuma kikigongana na chuma. Sauti ziliteremka kuelekea mbugani.

Shemasi alisikiliza buti zikipotea.

"Watazama, Kezi."

"Wakikimbia, maji yataishia kifuani. Ni warefu."

"Hujui unachofanya. Vita ikija hapa tutakwisha. Mimi nimejaribu kuokoa kijiji."

"Kwa shingo ya Obed?"

"Obed angesamehewa! Nimeahidiwa."

"Na nani?"

Shemasi alitazama mlango wa mbele.

"Yule aliyetoka bila hata kukuaga?" alisema Kezia. "Na wewe umeahidiwa nini, baba? Uhakimu? Wigi jeupe?"

Uso ulimjaa damu, na hilo lilitosha kuwa jibu.

"Nilikulea," alisema hatimaye.

"Ulinilea. Ndiyo maana nilianza kwako."

Walikaa hivyo, wao na bata, mpaka kelele za kwanza zilipotoka mbugani. Kezia aliinuka. Alichukua bastola, akainamisha mtutu.

Maji yalidondoka mezani.

"Ililowa kwenye mkondo," alisema. "Haiwezi kuua hata inzi."

Alimwacha analitazama lile tope dogo la baruti juu ya meza.

Mbugani, makoti mekundu thelathini walikuwa wamekwama kama vigingi, maji yakiwapanda, magobori yameinuliwa juu ya vichwa. Waumini walikuwa wamemiminika kutoka kwenye ibada, wamejipanga kwenye ukingo wenye ardhi ngumu, nguo nyeusi, kimya. Mchungaji naye alikuwepo, Biblia kwapani.

"Kuvuta mtu kutoka kwenye maji ni kazi ya huruma," alitangaza. "Sabato inaruhusu."

Obed, mabega mapana kama mlango, alisimama mbele na kamba mkononi.

"Haya mabwana! Bunduki kwanza, kamba baadaye!"

"Nitakunyonga, mshenzi wewe!" alifoka kapteni. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifungo vyake vya dhahabu.

"Utaninyongea wapi, bwana? Humo? Njoo basi."

Watu walicheka. Maji yalipanda kidogo. Gobori la kwanza likarushwa ukingoni. Kisha la pili. Kisha yote. Hakuna risasi iliyopigwa Harrowby siku ile, na jioni mapipa kumi na moja yaliondoka kwa mkokoteni wa maksai wa Shemasi mwenyewe.

Lakini kabla ya hapo Obed alimwona dada yake, akaacha kamba kwa wengine.

"Dada! Walijuaje? Nani katuuza? Haki ya Mungu sikusema neno, nakuapia!"

"Najua. Nisamehe, nilikudhania wewe."

"Sasa ni nani?"

Kezia hakutaja jina. Alinyoosha kidole nyuma yake, juu, kwenye paa la kwanza ukitokea mbugani.

Obed akatazama. Mchungaji akatazama. Mmoja mmoja, kijiji kizima kiligeuza shingo.

Mabomba yote ya moshi Harrowby yalikuwa baridi. Moja tu lilikuwa linatoa moshi, mzito, mweusi, wa nyama inayoungua.

Mwanamke mmoja mzee alivua utaji wake kichwani na kujifunika nao usoni, kama afanyavyo msibani.

Kezia alikamua maji kwenye sketi yake, akachukua gobori moja la Mfalme kwenye lundo, akalitupia begani.

"Nani ana farasi?" aliuliza. "Wangu wamemuua."

Akaondoka bila kugeuka nyuma.