Ilimwita Nashon

Kliniki ya akili iko Parklands, ghorofa ya pili, na hakuna mjengo wowote karibu nayo. Ndiyo maana Peres, aliyekuwa amefagia hapo miaka tisa, hakuelewa kwa nini chumba cha nne kilinuka simiti mbichi kila ikifika saa tisa alasiri. Alipanguza sakafu mara tatu, akafungua madirisha yote. Wapi! Harufu ilikaa tu.

Tena Sista Nasimiyu alikuwa ameacha kuitika. Nasimiyu huyo huyo, nesi ambaye mgonjwa akikohoa tu anajibu "nakuja" akiwa bado jikoni na kikombe mkononi! Siku hizi ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka kwanza akuone uso, ndipo aseme neno.

"Sista, uko sawa kweli?" Peres alimuuliza siku moja, polepole.

"Funga mlango, Peres."

Akamweleza. Nami nitawaeleza kama alivyosema, ingawa hadithi yenyewe inauma.

Kulikuwa na mgonjwa anaitwa Nashon, mtu wa Bungoma, fundi wa plasta, anakaa Riruta. Mwezi wa pili binti yake Valarie, wa miaka kumi na mmoja, alitoka shule akamwona babake juu ya mbao za mjengo, ng'ambo ya Naivasha Road. Akaita, "Baba!" Nashon alimsikia. Lakini plasta ilikuwa inakauka, akasema moyoni amalize huo upande kwanza. Mtoto akaita tena, akaanza kuvuka huku bado anatazama juu. Dereva wa lori hakumwona.

Tangu hapo, kila saa tisa Nashon alisikia akiitwa. Akapewa dawa, akapangiwa kuongea na Nasimiyu kila Jumanne chumba cha nne. Mtu mpole ajabu. Miezi mitatu hakuwahi kumtaja Nasimiyu kwa jina. Ni "Sista" tu, na kofia anavua mlangoni.

"Sista, huko kwetu tulikatazwa kuitika mtu humwoni," alimwambia Jumanne moja. "Lakini si huyu ni mtoto wangu? Alikufa akiniita. Nikinyamaza tena, mimi ni baba aina gani?"

Nasimiyu naye ni wa huko huko. Nyanya yake alimfunza vile vile, ukiitwa na humwoni mwenyewe, nyamaza kabisa. Lakini alikuwa ametoka semina ya siku tatu kuhusu majonzi, wakafundishwa kwamba mfiwa anaweza kusaidiwa aseme na marehemu yale yaliyobaki. Semina ilisema jambo hilo lifanyike chumbani, nesi akiwa pale pale. Sasa Nashon alikuwa analia, saa yake imeisha, mgonjwa mwingine anangoja nje, na Jumanne ijayo ilikuwa mbali. Nasimiyu alimhurumia. Lazima niseme hilo, maana najua wapo wanaomlaumu hata kabla sijamaliza.

"Ikikuita, itika," alimwambia. "Mwambie unampenda. Kisha umuage."

"Sista, una hakika?"

"Nina hakika. Ukilemewa, nipigie." Akamwandikia namba yake mwenyewe, jambo ambalo kliniki imekataza.

Alhamisi simu yake ilikuwa ndani ya kabati, imefungiwa, kwa sababu kliniki imekataza pia simu wakati wa kazi, na hiyo sheria aliifuata. Alipoitoa saa kumi akakuta Nashon amepiga mara tatu. Na meseji: "Sista nimeitika. Sasa inasema nipande juu. Sauti imebadilika. Nifanye aje?"

Akapiga mbio mbio. Ikapokelewa na fundi mwenzake, Jackton, na alikuwa analia.

"Madam, Nashon ameanguka. Tulimwona tu akitembea huko juu, anacheka, amenyoosha mkono ni kama ameshika mtoto. Tulimwita, Madam. Wote tulimwita. Hakuitika."

Baada ya mazishi Nasimiyu alifungua faili ya Nashon. Kuna swali ambalo nesi wa akili haachi kuuliza: hiyo sauti inasema nini hasa, kwa maneno gani? Na aliliuliza, siku ya kwanza kabisa. Jibu lilikuwa pale, mwandiko wake mwenyewe: Inamwita Nashon, Nashon.

Alilisoma amesimama. Mtoto gani wa kwao humwita babake kwa jina? Valarie alimwita Baba, mpaka hatua yake ya mwisho barabarani. Nasimiyu aliandika, akatia sahihi, akageuza ukurasa. Mtu alimwambia na yeye hakusikia.

"Woi!" Peres aliketi juu ya ndoo yake. "Basi haikuwa mtoto. Hiyo ni jini ilivaa sauti ya mtoto."

"Na mimi ndiye niliifungulia mlango."

"Na sasa?"

"Sasa inaniita mimi, kwa sauti yake Nashon. Inasema 'Nasimiyu, Nasimiyu.' Lakini yeye hakuwahi kunitaja jina, kwa hivyo najua si yeye. Nanyamaza." Machozi yalimtoka. "Lakini Peres, sauti ni yake."

Peres hakungoja. Kesho yake alimleta Mama Rachael wa maombi kutoka Ngara, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua bati. Aliomba mpaka jasho likamlowesha kitambaa, akapaka mafuta kizingiti na viti vyote viwili, akaamuru kitu hicho kitoke na kisirudi. Harufu ikaisha. Siku sita chumba kilinuka mafuta na sabuni, na Nasimiyu akaanza kula tena chakula cha mchana.

Siku ya saba ilikuwa Jumanne.

Saa tisa kamili simiti ilinuka tena, safari hii nzito, ya kukaba koo, na Peres na Nasimiyu wakasimama kwenye korido wakishikana mikono huku hatua za buti zikipanda ngazi ambazo hazikuwa na mtu, zikapita mbele yao taratibu kama za mtu anayeogopa kuchafua sakafu ya wenyewe, zikaingia chumba cha nne, kisha ukasikika ule mguso mdogo wa kofia kuvuliwa na kukung'utwa pajani, na kikohozi cha mtu aliyemeza vumbi miaka mingi, na baada ya kikohozi kimya, na baada ya kimya sauti ile ya upole.

"Sista."

Nasimiyu alishtuka akakamata ukuta.

"Imejifunza," Peres alinong'ona. "Usiitike. Wewe unajua si yeye. Unajua!"

"Najua."

"Sista," ikasema tena. "Nilikupigia. Nilikupigia mara tatu."

Peres alimshika mkono kwa nguvu zake zote, akamsihi kwa jina la watoto wake. Nasimiyu alimtazama, akaufungua mkono ule kidole kimoja kimoja, bila hasira, vile anavyofanya mgonjwa akimng'ang'ania.

"Siwezi kumnyamazia mara mbili," alisema. Akafuta uso, akanyoosha sare yake.

"Nakuja, Nashon."

Akaingia. Peres alisikia mlango ukijifunga, kisha viti vikivutwa sakafuni, kimoja, halafu cha pili.