Silinda Ilikuwa Mkononi Mwangu, Chenso Ikalia Angani

Silinda ilikuwa mkononi mwangu... tupu, ya baridi, haina hata plagi.

Lakini chenso yangu, msumeno wa injini wa kuangushia miti, nikaisikia inalia angani!

Nywele zilinisimama jamani. Niko porini, kilomita tatu kutoka kijijini, mashine nimeifungua vipande vipande juu ya gunia. Halafu mlio ule ule, wa kwangu, unapita juu ya miti kuelekea nyumbani.

Na nilijua kijijini hakuna mtu atakayekimbia.

Kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wasikimbie!

Wakuu, naitwa Shilinde. Nina miaka sabini na mbili, na hii kitu sijawahi kumsimulia mtu. Msinitukane mpaka mmalize kusoma.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1979, vita ya Kagera imepamba moto. Mimi kijana wa Kisukuma, nimehamia kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Nyamigogo, Biharamulo. Kazi yangu ilikuwa kuangusha miti kwa chenso ya kijiji, magogo yanaenda kutengeneza madaraja ya malori ya jeshi. Mke wangu alikuwa Odeta, Mhangaza wa Bukiriro. Mtoto wetu Ng'washi tulishampeleka kwa bibi yake Ngara, mbali kidogo na vita.

Kila nyumba ilikuwa na handaki. Ukisikia ndege, unaingia. Hiyo ni amri.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji, mzee Bartholomayo, akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shirinde, magogo hayatoshi! Jeshi rinasubiri!"

Kwake kila l ilikuwa r. Nikamwambia, mzee, niachie mimi.

Nilikuwa na silinda ya akiba, nimeitoa kwenye chenso mbovu. Nikachukua tupa. Siku nne nasugua! Tundu la kutolea moshi nikalipandisha juu kidogo, nikalipanua, nikalainisha kingo zake ringi ya pistoni isije ikanasa. Gasketi ya chini nikaitoa, nikaweka karatasi nyembamba ili mgandamizo uongezeke. Bomba la moshi nikalitoboa matundu. Silinda ya zamani nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitunza.

Nilipoiwasha... aisee! Mti wa nusu saa unalala kwa dakika kumi!

Ila ule mlio sasa. Haukuwa wa chenso tena. Ulikuwa mwembamba, unapanda, unapanda, unasikika vilima vitatu mbele. Ukiwa kijijini unaapa kabisa kwamba ni ndege.

Siku ya kwanza kijiji kizima kiliingia handakini! Wazee, watoto, mpaka mwenyekiti mwenyewe.

Jioni nikaitwa mkutanoni. Nikasimama kifua mbele.

"Ndugu zangu, mkisikia mlio ule msihangaike. Ni mimi!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Kuanzia hapo wakaiita ndege ya Shilinde. Ikilia, watu wanaendelea kupalilia maharage yao.

Odeta peke yake hakucheka.

"Baba Ng'washi, siku ikija ndege ya kweli tutaijuaje?"

"Ah, na wewe mke wangu! Kesho narudisha silinda ya zamani."

Kesho ikafika, sikurudisha. Nikasema wiki ijayo. Sikurudisha. Nikasema magogo ya daraja yakiisha... yakaisha, sikurudisha! Sifa zilikuwa zimeninogea, sitawadanganya.

Asubuhi ile akanizuia mlangoni. Macho mekundu, usiku hakulala.

"Leo unairudisha?"

"Leo naapa."

"Nikiusikia ule mlio tena leo, nitajua mimi si kitu kwako."

Nikaenda. Na siku hiyo, wakuu, nilifanya kweli! Mashine sikuiwasha kabisa. Niliifungua, nikaitoa ile silinda niliyoichonga, nikawa naifuta vumbi la mbao... ndipo nikausikia mlio juu.

Nikaitupa silinda. Nikakimbia!

Nilikuwa napiga kelele njia nzima, "Siyo mimi! Siyo mimi!" Nani angenisikia?

Kisha ardhi ikatikisika. Mara moja. Mara ya pili.

Nilipofika, nyumba yangu haikuwepo. Odeta walikuwa wameshamfunika kwa khanga.

Siku arobaini nilijiambia kwamba alizoea tu, kama wengine. Niliumia, lakini niliweza kula, niliweza kulala kidogo.

Halafu siku ya arobaini jirani yetu Benedicta akaniita pembeni.

"Shemeji, mimi siku ile niliwahi handakini. Nilisikia inatokea upande wa ziwa, siyo porini kwako. Nikamwita Odeta, 'Mama Ng'washi, njoo!'"

"Akasemaje?"

Akageuka kutaka kuondoka.

"Benedicta, akasemaje?!"

"Alikuwa amekaa anamenya ndizi, analia. Akaniambia, 'Nenda wewe. Huyo ni mume wangu. Amenidanganya tena.'"

...

Siku moja tu! Siku moja tu niliyotimiza nilichoahidi, ndiyo hiyo!

Najua mtaniuliza funzo ni nini. Funzo ni kwamba ukimdanganya mtu mara tatu, ile ya nne utakayosema kweli inaweza isimfikie kabisa. Kama kuna mtu anakusubiri utimize neno lako, weka simu chini, nenda. Usisome hata maoni ya watu hapa.

Ng'washi, mwanangu, najua unasoma kila ninachoandika. Tangu ukiwa mdogo unaniuliza kwa nini mama hakukimbia, na mimi nakujibu kwamba ndege hakuisikia.

Aliisikia mwanangu. Alidhani ni mimi.