Kreti la Njia ya Giza

Haya yalimpata shoga yangu, mjane anayesimamia mashine peke yake katika ghala la dawa. Ndani ni giza totoro, kwa kuwa roboti hazihitaji taa kuchukua mizigo. Yeye hukaa mlangoni penye mizani, kutwa nzima hana hata wa kupiga naye soga.

Mchana mmoja roboti zote zilisimama ghafla kupisha agizo la haraka. Akampigia simu mpokea maagizo.

"Kaka, hili la haraka ni la hospitali gani?"

"Dada yangu, leo sijatuma la haraka hata moja."

Magurudumu yakasikika gizani, yakija polepole kama yaliyolemewa. Shoga yangu akainuka kupokea. Roboti ikatokea, ikatua kreti juu ya mizani, na mizani ikasoma uzito wa mtu mzima. Akachungulia. Kreti lilikuwa tupu.

"Dada, upo?" simu ikauliza.

Alikuwa akitazama kilo zikishuka taratibu, mpaka sifuri.

"Karibu," akajikuta amesema, maana upweke nao una wazimu wake.

Nyuma yake, kiti chake kikalia, kama kinavyolia mtu anapokikalia.