Ombi Lililotafuta kwa Jina la Mama

Mwanzoni ilikuwa kusitasita tu. Muuguzi wa mapokezi anaandika jina la mgonjwa, anabonyeza, na kompyuta inaduwaa kama mtu aliyesikia akiitwa. Siku zikapita, kuduwaa kukarefuka, hadi wodi ya wazazi ikawa inasubiri kundi la damu huku mgonjwa anazidiwa.

"Dada, tutaua mtu," muuguzi mkuu alimwambia mwandishi wa programu ile ya kumbukumbu za wagonjwa, mwanamke aliyejifungulia hospitalini hapo hapo na sasa ameacha mtoto mchanga nyumbani na baba yake.

Akajifungia chumba cha seva, mashine kuu zinazohifadhi kumbukumbu zote, akaipima programu kipande kwa kipande, ajue muda unapotelea wapi. Kurasa zilikuwa nyepesi. Muda wote ulimezwa na hifadhidata, na humo kulikuwa na ombi moja likirudi bila kuchoka: tafuta mtoto kwa jina la mama yake. Majina ya mama hayakuwa na faharasa, kwa hiyo kila ombi hilo likija, hifadhidata ililazimika kupekua mafaili yote. Jina lenyewe kipimo hakikulitaja. Kiliweka alama ya kuuliza tu.

"Mjomba, nani anatafuta hivi?" alimuuliza fundi wa seva, ambaye wote walimwita hivyo.

"Hakuna. Programu umeiandika wewe. Kuna ukurasa wenye swali hilo?" Akashusha sauti. "Unasikia harufu ya udi?"

Aliisikia. Ilitoka kwenye matundu ya mashine, vuguvugu kama pumzi.

"Wanaoulizia watu kwa majina ya mama zao si wenzetu, mwanangu. Usilisaidie."

"Kuna mtu anavuja damu huko juu! Kulizuia siwezi, sijui linatokea wapi. Faharasa naweza kuiweka sasa hivi."

Akaiweka. Mara mashine zikatulia, kutoka wodini mtu akapiga kelele za furaha, na yeye akabaki ameikodolea macho skrini akisubiri lile ombi lirudi ili aone limekuwa jepesi kiasi gani, lakini halikurudi, wala harufu haikuwepo tena, na kadiri ukimya ulivyozidi ndivyo mwili ulivyomsisimka, kwa sababu ghafla alielewa kwamba anayeacha kuuliza namna ile ni yule aliyekwisha kujibiwa.

Akafungua ombi la mwisho alione jina lililofichwa nyuma ya alama.

Lilikuwa jina lake yeye.

"Mjomba," alinong'ona, "nimelielekeza kwa mwanangu."

Akampigia mumewe. Simu iliita, ikaita, ikapokewa.

"Funga mlango! Mshike mtoto, usimfungulie mtu yeyote!"

Kisha mumewe akauliza polepole, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye karibu naye:

"Wewe ni nani?"

"Mimi, mkeo!"

"Mke wangu amerudi sasa hivi," alisema. "Yuko hapa mbele yangu. Ananyonyesha."