Gemu ya Vidole vya Bibi

Mgeni aliingia bila kubisha hodi. Zipu ya sketi yake ilikuwa imekatika, naye ameishikilia kwa mikono miwili.

"Nisitiri kwanza, salamu baadaye," alimwambia fundi cherehani.

Fundi alicheka, akampa kitambaa ajifunge. Binti wa fundi hakugeuka. Alikuwa ameikodolea macho kompyuta.

"Huyo ana nini?" mgeni aliuliza.

"Sijui, dada. Mama yangu amepooza mkono. Daktari anataka afanye mazoezi ya vidole, yeye hataki. Mjukuu wake akamwahidi gemu ya kuchambua maharage, aipate Ijumaa akitoka hospitali. Tangu hapo ni mara lugha ya kompyuta hii, mara ile. Kichwa kinaniuma."

"Mimi natengeneza gemu," mgeni alisema.

Binti aligeuka haraka. "Shikamoo, dada. Niambie basi, lugha ipi ni bora? Mtandaoni mmoja anaisifu hii, mwenzake anaiponda."

"Marahaba. Wewe unaandika kwa ipi?"

"C++. Gemu kubwa za vita zimeandikwa kwa hiyo. Hata yangu ya vita, ninayoipeleka mashindanoni."

"Bibi atachezea wapi?"

"Kwenye simu yake. Kuukuu, imejaa, haipokei programu mpya."

"Gemu ya vita ina vitu vingi vinavyokwenda pamoja. C++ ina kasi, tena inakuachia upange mwenyewe kumbukumbu ya mashine. Lakini kazi yake ni ndefu. Bibi ana maharage tu. JavaScript inafunguka kwenye kivinjari, palepale anaposomea habari."

"Kwa hiyo JavaScript ndiyo bora?"

"Hapana."

"Sasa mbona unanichanganya?"

"Fundi, sindano ipi ni bora?"

"Ya kushona nini?" fundi aliuliza, macho yakiwa kwenye zipu.

"Umemsikia mama? Uliza kwanza gemu itachezwa kwenye kifaa gani, ina uzito gani, na ukikwama nani atakusaidia. Kazini kwetu tunatumia C#, kwa sababu programu tunayojengea gemu inaitaka hiyo. Si kwamba tunaipenda sana."

Binti aliigeukia kompyuta. "Basi ya Bibi naianza upya. Na mashindano yanafungwa Ijumaa hiyohiyo. Siwezi yote mawili."

"Nusu ya mliyosema sijaelewa," mama yake alisema. "Ila bibi yako anakungoja."

Binti aliifunga gemu ya vita, akafungua ukurasa mtupu.

Ijumaa, Bibi aliketi kitandani nyumbani, simu mapajani.

"Hili harage bovu mbona linanikimbia?"

"Likimbize, Bibi."

"Linanidharau kwa sababu mimi mgonjwa." Kidole kilichokunjamana kilinyooka kidogo, kikaligusa. Harage likatumbukia bakulini. Bibi akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Simu ya binti ililia. Mashindano yalikuwa yamefungwa. Alisoma ujumbe mara moja, akaiweka simu mfukoni.

"Sasa kidole cha pili, Bibi."