Nishushe Ulemo

Jua lilikuwa linazama Clement alipopanda kwenye boti na dumu la dizeli mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu: awashe injini, azunguke ziwani kidogo, asikilize kama gia inashika vizuri, kisha arudi zake kula. Kesho yake Enock, mwenye boti, angekuja na wageni wa kupiga makofi.

Boti hiyo ilikuwa kubwa, ya mbao, ya enzi za wakoloni. Miaka nenda rudi ilikuwa imelala kando ya Ziwa Kitangiri, mbuzi wakizalia humo ndani, na Enock aliposema ataifufua watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Lakini alimpata Clement, na Clement alikuwa fundi kwelikweli. Aling'oa mbao zilizooza, akaweka za mninga, akaziba nyufa kwa pamba na lami. Injini ya zamani ilikuwa kutu tupu. Akaitoa, na mahali pake akafunga injini ya basi dogo.

Basi hilo alilijua. Ni yeye aliyekuwa akilitengeneza miaka yote lilipobeba watu kati ya Singida mjini na Ulemo. Na ndilo lililopinduka karibu na Iguguno likaua abiria kadhaa, akiwemo mkewe, Martina, aliyekuwa amepakata dumu la mafuta ya alizeti. Lilipopelekwa kwa wauza vyuma chakavu, Clement alikwenda kuiangalia ile injini, akashindwa kuiacha. Basi tu, alishindwa.

"Nzima hii, bosi," alimwambia Enock. Mengine akayameza.

Katika ukoo wa Martina, mtu akifia njiani haachwi huko. Wenzake huenda pale alipoangukia, wakamwita kwa jina, wakarudi naye taratibu huku wakimwelekeza kila kona: hapa tunavuka daraja, hapa tunapanda, hapa ndipo mlangoni kwako. Clement alikwenda na Bibi Yustina, shangazi wa marehemu. Walichelewa. Mabaki ya basi yalikuwa yameshavutwa, barabarani pamebaki vioo tu. Waliita hivyohivyo, wakarudi wakielekeza hivyohivyo.

"Mkwe," Yustina alimwambia walipofika nyumbani Ulemo, "mimi naona tumerudi wawili tu."

Clement hakutaka kusikia. Alikuwa amechoka kulia, maskini.

Jioni hiyo injini iliwaka mara moja. Boti ikateleza juu ya maji kwa raha zake, na Clement akajikuta anatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Alipofika katikati ya ziwa, harufu ikamjia.

Haikuwa dizeli.

Ilikuwa alizeti... mafuta mabichi ya alizeti, kama yametoka kukamuliwa sasa hivi.

Alikagua chini ya injini. Pakavu. Akainuka, na hapo akasikia mtu anagonga mbao ubavuni mwa boti, kwa ndani, kama abiria wanavyogonga bodi ya gari wakikaribia kituo.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Konda... nishushe Ulemo."

Clement akaganda. Sauti ile angeitambua hata usingizini.

"Martina?"

"Tumekaa sana humu," sauti ilinong'ona. Ilikuwa imechoka, imechoka sana. "Mbona hatufiki? Mume wangu ananisubiri."

Machozi yalimtoka papo hapo. Alielewa. Alijua pia linalotakiwa kufanywa: afungue injini ile, aipakie kwenye gari, aipeleke Ulemo akimwelekeza mkewe kila kona. Boti ya Enock ingebaki gofu, na ibaki! Alifungua mdomo amwambie asubiri kidogo.

"Na mimi," ikasema sauti ya mwanamume.

"Na mimi na mtoto."

Ngo ngo ngo. Ubavu mzima ukawa unagongwa, kushoto, kulia, chini ya miguu yake. Boti ikaanza kulemewa, maji yakapanda mpaka karibu na ukingo. Hofu ikamzidi Clement. Aligeuza usukani, akaikimbiza boti mpaka matete ya kwanza aliyoyaona, akapiga kelele jinsi makonda wanavyopiga:

"Mwisho wa gari! Shukeni wote!"

Kugonga kukakoma.

Kisha miguu... Chubwi. Chubwi. Mmoja mmoja walishuka kwenye maji, na kila aliyeshuka boti iliinuka kidogo. Wa mwisho alisimama karibu naye. Harufu ya alizeti ikamjaa puani.

"Asante, kaka," akasema Martina, kama mtu anavyomshukuru konda asiyemjua.

Chubwi.

Clement alijaribu kumshika, akashika hewa. Kutoka kwenye matete akasikia:

"Mbona hapa sio Ulemo?"

Aliruka majini, akaita mpaka sauti ikakauka. Hakuitikiwa.

Kesho yake boti ilikwenda vizuri ajabu, nyepesi, na wageni wakapiga makofi. Clement hakuwepo. Alikuwa ameketi chini mbele ya Bibi Yustina, amemweleza yote. Yule mama alilia kwanza, ndipo akauliza.

"Umemshusha wapi, mkwe?"

Matete ya Kitangiri yanafanana kote.

Wavuvi nao wameanza kusema. Jioni wakitega nyavu, mwanamke huwauliza njia ya Ulemo. Hawamwoni, wanasikia tu nyayo zake majini. Clement huwafuata mmoja mmoja, akiwauliza swali lile lile: anaelekea wapi?

Wengi hukwepa macho yake. Mmoja tu ndiye aliyemwambia ukweli.

"Katikati, fundi. Kila siku anazidi kwenda kwenye kina."